Koti la Mwenyekiti

Wifi yangu hasamehi. Nalisema hilo kwa upendo, maana nimekaa naye chumba kimoja cha kazi miaka kumi na saba, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye pasi na vitundu vya vifungo. Mtaani wanamwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwake. Nadhani hata kuoga anaoga nayo. Ni mwanamke mdogo wa umbo, sauti yake ya chini, na ukimuudhi atakuitikia "haya" kwa upole kabisa. Hapo ndipo uanze kuogopa.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa mume wake. Alipoanza kutoka nje ya ndoa, wifi hakumuuliza kitu. Akawa anapunguza suruali zake kiunoni, nusu inchi kila mwezi, kisha anazirudisha kabatini zimenyooshwa vizuri. Pasi niliipiga mimi, sikatai. Kaka akaacha chakula cha jioni akidhani ananenepa, akaanza kukimbia asubuhi na kunywa maji ya ndimu. Alipoondoka nyumbani kwenda kwa huyo mwingine alikuwa amekonda hata shingo haijai kola. Yeye akaenda, mimi nikabaki. Damu ni nzito kuliko maji, lakini kicheko nacho kina uzito wake.

Kazi yetu kubwa ni sare za shule. Tunazishona mwanzo wa mwaka, na zikichanika zinarudi kwetu, na wifi ana desturi moja: kabla hajatia sindano, huugeuza mfuko nje na kuukung'uta juu ya karatasi nyeupe. Husema vumbi la mfukoni halijui kusema uongo. Kwa vumbi hilo alijua nani anakula darasani, nani anachana barua za mapenzi, na nani anavuta. Chembe za tumbaku hung'ang'ania pembe ya mshono hata nguo ikifuliwa mara tatu. Akiziona humwita mzazi, humfungulia karatasi mbele ya macho yake na kumwambia, "Jionee mwenyewe, dada." Wazazi walimshukuru kwa mdomo wakamchukia moyoni. Watoto walimchukia kote kote.

Wa kwake mwenyewe tulimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho. Msichana mkimya, mwenye vidole virefu vya kazi. Tangu kidato cha kwanza alikuwa anajishonea sketi zake zikichanika, na mama yake akawa anatamba kwa wateja: "Mwanangu hanipi kazi hata siku moja." Nami nikawa naitikia. Mganga hajigangi. Katika shule nzima ulikuwepo mfuko mmoja tu ambao haujawahi kukung'utwa juu ya ile karatasi, na mfuko huo ulikuwa unalala nyumbani kwetu.

Walimkamata nyuma ya vyoo vya shule akiwa na miaka kumi na sita. Tukaitwa. Mwalimu wa nidhamu akatuwekea mezani kifuko kidogo cha kitambaa cha sare, chenye vifungo vya kubana pande mbili. Kilikuwa mfuko wa kubandua: sketi ikienda kufuliwa, mfuko wenyewe unabaki chini ya godoro. Ndani yake mlikuwa na sigara mbili, kila moja imefungwa kwa kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa pembetatu, ncha imeingizwa ndani. Wifi hakuzitazama sigara. Alikichukua kifuko akakileta karibu na macho, akaupapasa mshono kwa ukucha. Ulikuwa mshono wa kurudi nyuma, mdogo mdogo, uliosimama sawa. Ndio aliomfundisha binti yake akiwa na miaka tisa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, kisha akacheka kicheko ambacho sikukipenda.

Kamati ya wazazi ikakaa siku ya pili yake. Mwenyekiti wake ni mwenye duka lililotazamana na geti la shule, mtu mnene, mchangamfu, ambaye wanafunzi wote humwita Mjomba. Akasimama, akainua mikono yote miwili juu kama kawaida yake akihutubia, akasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Alilisema hilo huku anamtazama wifi yangu. Kitinda akasimamishwa masomo mpaka muhula uishe. Wifi akaitikia, "Haya."

Wakati huo hatukuwa tunajua sigara zilitoka wapi. Tulikuja kujua baada ya siku nne, siku nne ambazo Kitinda hakutoka chumbani. Hakula. Mikono ilikuwa inamtetemeka hata kikombe hakishikiki. Mara analia, mara anakaa ukutani anahema kama aliyetoka mbio, anasema moyo unataka kutoka. Siku ya tano nikaingia na uji nikakaa naye kitandani, nikanyamaza, jambo ambalo si la kawaida yangu. Ndipo akasema.

"Shangazi, nilianza nikiwa na kumi na nne. Kifua kilikuwa kinanibana darasani. Nikiitwa mbele, sauti haitoki. Nikawa naamka asubuhi nimechoka, naona hakuna maana ya kuamka. Rafiki yangu akaniambia vuta moja, utatulia."

"Ukatulia?"

"Wiki mbili. Baada ya hapo ikawa nisipovuta nina hali mbaya kuliko ya mwanzo. Nikivuta narudi pale pale nilipokuwa kabla sijaanza, basi. Na kile kifua kikazidi."

"Ulikuwa unazipata wapi?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Kwa Mjomba. Anauza moja moja, anazifunga kwenye karatasi ili zisitoe harufu. Mara ya kwanza niliogopa. Akaniambia, chukua binti yangu, kichwa kipumzike."

Mlango ulikuwa wazi, na mama yake alikuwa amesimama pale na futi yake shingoni. Sikumuona alipofika. Alirudi kwenye cherehani akashona mpaka jioni, na nilipokwenda kutazama nikakuta alikuwa anashona kitambaa kitupu, mistari juu ya mistari, uzi umejaa hata kitambaa hakikunjiki.

Nimtetee hapa. Kwanza alimpeleka mtoto kliniki. Kuna mshauri pale, dada mmoja mwenye miwani, anayeongea taratibu na haandiki wakati unaongea naye. Alikaa na Kitinda peke yake, kisha akatuita. Wifi hakungoja salamu iishe. "Niambie jambo moja tu. Hii sigara ndiyo iliyomharibu mwanangu?"

"Sikufichi, mama," dada akasema. "Wapo wanaoanza na huzuni na hofu, sigara ikafuata. Wapo wanaoanza na sigara, huzuni ikafuata. Kwa umri wao, ambapo ubongo bado unajengeka, hivi viwili huvutana. Nikotini inampoza kiu ambayo imeileta yenyewe, naye anadhani imempoza roho. Kwa Kitinda, naona hofu ilitangulia kidogo. Ilikuwa inaomba mtu aione."

Wifi alisikia nusu ya maneno hayo. Mimi nilisikia yote nikajifanya nimesikia nusu, kwa sababu nusu ile ilikuwa na mtu wa kumchukia.

Dada akatupa masharti. Kila Jumatano saa tisa aletwe, na mama aje naye, asitumwe peke yake, kwa sababu njia inapita mbele ya shule na duka, na pale ndipo kifua kinapombana. "Atakuwa anaangalia kama utakuja," akasema. "Hatakuambia, lakini atakuwa anaangalia. Na nyumbani pasiwe na sigara, hata kipisi."

Tukaitikia. Kwani nani alikuwa anavuta kwetu?

Kitinda akaanza kuhesabu siku. Alikuwa anaziandika kwa chaki ya fundi pembeni mwa dirisha la chumba cha kazi, kijistari kimoja kila asubuhi. Siku ya tatu aliita kila mtu mbwa. Siku ya saba akala sahani mbili. Siku ya tisa akakaa kwenye kigoda akanisaidia vifungo, nikamsikia anaimba kidogo, nikainama juu ya pasi ili asione uso wangu.

Siku hiyo hiyo ya tisa, Kitinda akiwa amekwenda kulala, Mjomba akaingia kwenye chumba chetu cha kazi na kitambaa cha suti mkononi.

Nilidhani wifi atamrukia. Ningekuwa mimi ningemtia mkasi. Yeye alimkaribisha kiti.

"Karibu, Mwenyekiti."

"Asante, mama. Yaliyopita si ndwele. Ile ilikuwa kazi ya kamati, haikuwa yangu. Siku ya Wazazi inakaribia, mgeni rasmi anakuja, na suti yangu ya zamani imenibana. Wewe ndiye fundi."

"Haya," akasema wifi. "Inua mikono nikupime."

Akainua mikono juu kabisa, kama anavyofanya akihutubia. Wifi akampima kwapani, akampima mgongo, akapima tena na tena jinsi bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, itakavyovutika mikono ikipanda. Sijawahi kumuona akimpima mtu kwa makini vile. Mjomba akatoka anapiga mluzi, nami nikamgeukia wifi nimuulize ana wazimu gani.

"Kanunue sigara," akaniambia. "Dukani kwake. Sema ni za mgeni."

Nikanunua. Pakiti mbili za ishirini. Wifi akanieleza jioni ile, kwa ile sauti yake ya chini, na kadiri alivyokuwa anaeleza ndivyo nilivyozidi kumpenda. Bitana ya koti kwa kawaida hushonwa chini kwa mshono wa kudumu. Yeye angeishika kwa bandi tu, ule uzi mwepesi wa kushikizia ambao fundi huutoa kazi ikiisha. Uzi mmoja mrefu ungezunguka pindo lote, kisha ungepanda ndani ya mshono wa ubavu mpaka kwapani. Mtu akitembea, akikaa, akila, haukatiki. Akiinua mikono yote miwili juu kabisa, unakatika. Na kati ya bitana na kitambaa zingelala sigara thelathini na sita.

"Ataisikia harufu," nikasema.

"Yeye? Analala na kuamka nayo."

"Atasema tumempandikizia."

"Ndiyo, tumempandikizia. Cha kwake mwenyewe."

Tulizifunga moja moja kwa karatasi ya daftari, pembetatu, ncha ndani, kama zile tulizowekewa mezani. Ilituchukua siku kadhaa, kwa sababu tulikuwa tunaifanya Kitinda akiwa ameoga au amelala mchana. Zilizofungwa na zisizofungwa tulikuwa tunaziweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na zipu na chaki. Najua unachofikiria. Nami nimekifikiria mara nyingi tangu siku ile. Lakini mbele ya Mungu, kwetu zile hazikuwa sigara tena. Zilikuwa vifaa vya kazi. Tulikuwa tunasema "zimebaki ngapi" kama tunavyosema vifungo vimebaki vingapi. Thelathini na sita zikaingia kwenye koti. Nne zikabaki.

Siku ya Wazazi ilipangwa Ijumaa. Mgeni rasmi akapata safari, ikarudishwa nyuma, ikawa Jumatano.

Asubuhi hiyo wifi alimkuta binti yake dirishani akichora kijistari cha ishirini na tatu. "Leo nitachelewa kidogo," akamwambia. "Wewe vaa, unisubiri. Saa tisa kasoro nitakuwa hapa, tutaenda."

"Unaenda shuleni?"

"Nina koti langu pale."

Mimi ningeweza kubaki. Sitaki kujificha nyuma ya mtu: ningeweza kubaki nikampeleka mimi, lakini nilitaka kuona. Nilikuwa nimekesha nikiwaza jinsi uso wa Mjomba utakavyokuwa.

Na niliuona. Wazazi walikuwa zaidi ya mia tatu kwenye viti vya plastiki, wanafunzi wamesimama nyuma, mgeni rasmi meza kuu. Hotuba zikavuta, saa nane ikapita, saa nane na nusu. Nikamgusa wifi. Akasema, "Ngoja." Saa tisa kasoro dakika tano Mjomba akasimama. Koti lilimkaa kama alizaliwa nalo. Usione vyaelea, vimeundwa. Akazungumzia maadili. Akasema kuna nyumba zinalea moshi. Akasema yeye kama mzazi, kama mlezi, kama mjomba wa watoto hawa, anauliza kizazi hiki kinakwenda wapi. Akainua mikono.

Hazikudondoka zote mara moja. Ilianza moja, ikagonga kiatu chake. Kisha tatu. Kisha bitana ikaachia mgongo mzima, ikaning'inia nyuma kama mkia, na vipembetatu vikamwagika jukwaani, vingine vikabingirika mpaka miguuni kwa mgeni rasmi. Mjomba akashusha mikono, akajishika ubavuni, na kadiri alivyokuwa anajishika ndivyo vilivyozidi kutoka. Wanafunzi ndio walioanza kucheka. Kicheko cha watoto mia nne hakina breki.

Baba mmoja wa mstari wa mbele akaokota kimoja akakifungua. "Hivi," akasema, "hivi ndivyo nilivyovikuta chini ya godoro la kijana wangu."

Mama mwingine akasimama. "Hata mimi."

Wakasimama saba, kisha sikuhesabu tena. Mjomba alikuwa anasema ni njama, amechezewa, fundi aulizwe. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Mgeni rasmi alimuuliza mwalimu mkuu kama sheria inaruhusu tumbaku kuuzwa mbele ya geti la shule, na mwalimu mkuu akaanza kukohoa. Wifi yangu alikuwa amekaa, mikono mapajani, anamtazama Mjomba tu. Aliangalia mpaka yule mtu akalivua koti, akabaki na shati lililolowa jasho. Utamu ule siwezi kukueleza. Wanaosema kisasi ni kichungu hawajakionja kikiwa kimeiva.

Tulirudi tunatembea katikati ya barabara kama maharusi. Watu walitusimamisha, wakatushika mikono. Ilikuwa saa kumi na moja. Nakuapia, hata mlangoni pa nyumba yetu bado kliniki ilikuwa haijatujia akilini. Wifi aliingia akiita, "Mwanangu, tumemmaliza!"

Chumba cha kazi kilikuwa na moshi.

Kitinda alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama yake mbele ya cherehani. Alikuwa amevaa gauni la kwenda kliniki, na viatu vimefungwa kamba. Droo ilikuwa wazi. Kwenye kisahani cha chaki palikuwa na vipisi vitatu, na cha nne kilikuwa mkononi, mkono ambao siku ile haukuwa unatetemeka.



"Nilizijua tangu siku ya kumi," Kitinda akasema. Hakuinua sauti. "Harufu yake naijua hata zikiwa kwenye sanduku la chuma. Nilikuwa nakuja hapa kuchukua chaki, naziona, nachora mstari wangu, natoka. Nilijua umeziweka makusudi, mama. Nikasema mama ananijaribu, anataka aone kama nitaweza. Nikasema, nitamuonyesha."

Akazima kile kipisi polepole pamoja na vingine.

"Nimevaa viatu tangu saa nane. Ilipofika saa kumi nikaelewa kwamba haukuwa mtihani. Ulizisahau tu."

Mama Futi alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa, kati ya vipande vya vitambaa. Nimemjua mwanamke yule akiachwa na mume, akitukanwa na wateja, akisemwa na kamati, na kila mara nilikuwa naona jicho lake likitafuta mtu wa kumlipizia. Safari hii jicho lilizunguka chumba chote, likaenda kwenye droo, likaja kwangu, likarudi kwenye mikono yake mwenyewe. Akasema, "Nisamehe." Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Kitinda hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Ni mtoto wa mama yake.

Ijumaa duka la Mjomba lilifungwa kwa amri, na mtaa mzima ukaja kumpongeza wifi. Aliwaambia cherehani imeharibika, hana nafasi, waje siku nyingine. Jumatano iliyofuata walitoka wawili saa nane mchana, hawakupata muda wa kuongea na mimi, lakini kliniki hawakuchelewa. Kabla ya kutoka Kitinda alilowesha kitambaa akafuta mistari yote ishirini na mitatu dirishani. Kisha akachora mmoja.